Kibwengo amekimbia, nani ana haki ya kumpiga?

NI Jumamosi jioni. Sahani za wali zimeshaondolewa na meza ya chakula imetandikwa karatasi kubwa iliyochorwa miraba. Vizibo vya soda ni vibwengo, vifungo viwili vya shati ni mashujaa. Mjomba, aliyejifunza mchezo huu miaka mingi iliyopita alipokuwa chuoni Marekani, ndiye msimulizi. Mpwa wake wa miaka 9 anaongoza mpiganaji mwenye upanga. Dada yake wa miaka 14 anaongoza mtabibu wa msafara.

Kibwengo anamchoma mpiganaji kwa kisu, kisha anachomoka na kukimbilia nyuma ya mkokoteni.

“Nampiga!” mtoto anaruka kitini. “Anakimbia, nampiga mgongoni!”

“Huwezi, mjomba,” msimulizi anamjibu mpwa wake. “Huyu kachomoka.”

“Mbona wiki iliyopita nilivyokimbia mimi ulinipiga?”

Kimya kinaingia. Dada mtu anatazama dari. Mama, aliyekuwa akikunja nguo sebuleni, anainua kichwa. Mtoto machozi yanamlengalenga, na kwa upande wake hoja ni nyepesi: sheria iliyomuumiza yeye wiki iliyopita, leo haimgusi kibwengo. Akienda kulala akiamini mjomba wake ana upendeleo, mchezo utakuwa umekwisha hata kama vifungo bado viko mezani.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, anaufahamu ugomvi huo. Hautokani na utundu wa watoto peke yake. Unatokana na mchezo wenyewe, ambao umeandikiwa sheria nyingi za mapigano na bado hazitoshi. Familia inayotaka kuucheza kwa amani inahitaji kujua mambo mawili: sheria zinasema nini, na pale zinaponyamaza au kugongana, nani anaamua na kwa njia gani.

Mchezo ulioanzia nyumbani

Dungeons & Dragons ulichapishwa mwaka 1974 nchini Marekani. Waliouandika ni Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Wote wawili walikuwa wapenzi wa michezo ya vita ya mezani, ile ya kupanga askari wadogo wa kuchezea na kupimana mbinu. Arneson aliwaletea wenzake wazo la kila mchezaji kuongoza mtu mmoja badala ya jeshi zima. Gygax alipoanza kulijaribu wazo hilo nyumbani kwake, miongoni mwa wachezaji wa kwanza walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa huu ulikuwa mchezo wa mzazi na watoto wake.

Toleo la kwanza lilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi. Kwa mapigano, vijitabu hivyo vilimtegemea msomaji kuwa tayari anacho kitabu kingine cha michezo ya vita, Chainmail, kilichotoka mwaka 1971. Asiyekuwa nacho alijazia mwenyewe. Kila mji ulicheza kwa namna yake, na barua za maswali zikamiminika kwa wachapishaji. Mwaka 1979 jarida la mchezo huo, Dragon, lilianzisha safu ya majibu iliyoitwa Sage Advice, yaani ushauri wa mwenye hekima. Ilifanana na safu za ushauri wa ndoa magazetini, ila walioandika hawakuulizia mume. Waliulizia kama inawezekana kupiga na kukimbia kwa wakati mmoja.

Kwa nini bao halina ugomvi huu

Mtu aliyekulia pwani anaweza kushangaa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wazee hulicheza jioni nzima bila kufungua kitabu. Wakibishana, watabishana juu ya mbinu, au mgeni ataambiwa kuwa hapa kwetu tunacheza hivi. Iweje mchezo wa watoto uhitaji kurasa mamia?

Jibu ni kwamba katika bao, yote yanayoweza kufanywa yako mbele ya macho. Hakuna mchezaji anayesema, “Naruka dirishani.” Katika mchezo wa kusimulia hadithi, mchezaji anaruhusiwa kusema lolote. Anaweza kusema anamtupia kibwengo mchanga machoni, anakata kamba ya taa ili imwangukie jitu, au anajifanya maiti. Hakuna mwandishi anayeweza kuyaandikia sheria yote hayo. Ndiyo maana mezani kuna msimulizi, ambaye kazi yake ni nusu mtambaji wa hadithi, nusu mwamuzi wa mpira.

Zamu moja ina nini

Kabla ya kuamua nani ana haki, ni vyema kujua zamu inavyogawanywa. Toleo linalochezwa zaidi siku hizi ni la tano, lililotoka mwaka 2014 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2024. Pigano likianza, kila mmoja hurusha dadu ya pande 20 ili kupata mpangilio wa zamu. Duru moja, yaani kila mtu akishacheza mara moja, huhesabiwa kuwa sekunde 6 za hadithi.

Katika zamu yake, mchezaji ana vitu vitatu. Cha kwanza ni mwendo, ambao kwa mashujaa wengi ni futi 30, sawa na miraba 6 ya karatasi. Mwendo huo unaweza kukatwa vipande: tembea kidogo, piga, kisha malizia. Cha pili ni kitendo kimoja, kama kupiga, kukwepa, kumsaidia mwenzako, kutimua mbio au kujitoa kwenye mapambano. Cha tatu ni kitendo cha nyongeza, na hapa ndipo wanaoanza hupotea. Kitendo cha nyongeza si zawadi ya kila mtu kila zamu. Unacho pale tu ambapo sheria fulani inasema wewe, au kitu ulichoshika, kinakupa.

Kuna na cha nne, nacho hutumika hata nje ya zamu yako: kitendo cha kujibu. Unakipata kimoja tu, na ukishakitumia hukirudishiwi mpaka zamu yako nyingine ianze. Kinachojulikana zaidi ni pigo la fursa. Adui unayemwona akitoka mahali mkono wako unapofika, unaruhusiwa kumpiga mara moja anapoondoka. Ndilo pigo alilolidai yule mtoto.

Vitu hivyo vinne vinatatua robo tatu ya mabishano. Mtoto anayetaka kupiga, kunywa dawa, kufungua mlango na kupiga tena aulizwe kwa upole: “Hicho cha pili unakitoa wapi?” Akionyesha sheria inayompa, apewe. Asipoionyesha, achague.

Kibwengo na ruhusa yake

Turudi kwa kibwengo. Sheria ya jumla inasema anayekimbia hupigwa. Lakini katika kitabu cha viumbe cha mwaka 2014, kibwengo ameandikiwa wepesi wake maalumu: anaweza kujitoa au kujificha kama kitendo cha nyongeza. Anayejitoa hapigwi pigo la fursa mpaka zamu yake iishe. Kwa hiyo alimchoma mtoto kwa kitendo chake, akajitoa kwa kitendo cha nyongeza, akaondoka kwa mwendo wake. Hakuvunja sheria yoyote.

Vitabu vya mchezo huu vina kanuni inayotaja jambo hilo waziwazi: sheria ya pekee hushinda sheria ya jumla. Watoto wanaielewa upesi wakipewa mfano wa nyumbani. Sheria ya jumla ni kwamba hakuna kutazama televisheni baada ya saa 3 usiku. Sheria ya pekee ni kwamba siku ya fainali inaruhusiwa. Hakuna anayesema sheria ya kwanza imekufa.

Mjomba alikuwa sahihi, ila alikosea namna. Alitoa hukumu bila sababu. Mtoto aliyewahi kupigwa akikimbia alistahili kuambiwa tofauti iko wapi: “Huyu ana wepesi ambao wewe huna. Ukikua ukawa mwizi mwepesi wa hadithi, nawe utaupata.” Hilo nalo ni kweli, kwani mwizi wa mchezo huu akifika ngazi ya pili hupewa ujanja unaofanana na huo. Mtoto akilijua hilo, badala ya kulia ataanza kuwaza mbinu ya kumzingira kibwengo kabla hajachomoka.

Maneno ya mtego

Kundi la pili la mabishano linahusu kitendo cha kujiweka tayari. Mchezaji anatumia kitendo chake kusubiri jambo litokee, na likitokea anatumia kitendo chake cha kujibu. Ni sheria nzuri na ina mtego ndani yake, kwa sababu jibu huja baada ya jambo lililotajwa kwisha kutokea.

Mtoto anayesema, “Kibwengo akinirushia mshale, nampiga,” ameshapigwa mshale ndipo apige. Anayesema, “Kibwengo akiinua upinde, nampiga,” anaweza kuwahi. Tofauti ni ya maneno mawili. Watoto wanaocheza kwa muda hujifunza kupima maneno yao kabla ya kuyatoa, jambo ambalo walimu wa lugha hulihangaikia mwaka mzima.

Hata hivyo, msimulizi asigeuze mtego huo kuwa fimbo. Mtoto wa miaka 9 aliyesema “akinirushia” huenda alimaanisha “akitaka kunirushia”. Ulizwa kwanza ndiyo haki yake. Swali moja, “Unasubiri auinue upinde au aachie mshale?” linaondoa hisia ya kuviziwa.

Vitabu viwili, mjomba mmoja

Mezani, pigano limeendelea na mambo yameharibika. Mpiganaji ameanguka. Pointi zake za uhai zimefika sifuri, na tayari ameshindwa mara mbili kwenye dadu za kuokoa maisha. Kila zamu yake inapofika anarusha dadu ya pande 20: kuanzia 10 kwenda juu ni ushindi, chini ya hapo ni kushindwa. Kushindwa mara tatu ni kifo. Mtoto amenyamaza kabisa. Huyo ni mhusika aliyemchora mwenyewe kwa penseli za rangi na kumlea kwa wiki sita.

Zamu ni ya dada yake.

“Namzunguka kibwengo, nampa kaka dawa, halafu nampiga kibwengo rungu.”

“Ukizunguka karibu naye anakupiga,” anasema mjomba. “Na dawa ni kitendo kizima, mama. Ukimpa dawa, rungu huna.”

“Mjomba, samahani. Kwa rafiki yangu dawa ni kitendo cha nyongeza. Nimeisoma mwenyewe. Na kuzunguka siyo kutoka.”

Kila mmoja ana kitabu kinachomuunga mkono. Kwa kanuni za mwaka 2014, kunywa dawa au kumnywesha mwenzako ni kitendo kizima. Meza nyingi ziliona adhabu hiyo ni kubwa mno, zikaipunguza kwa makubaliano yao, na marekebisho ya mwaka 2024 yakaandika rasmi kuwa ni kitendo cha nyongeza. Kwa hiyo binti amesoma kitabu kipya, mjomba amefungua cha zamani.

Kuhusu kuzunguka, mjomba anakumbuka toleo la tatu la mwaka 2000, alilolicheza chuoni. Katika toleo hilo, kupita kwenye miraba iliyo karibu na adui kulitosha kumpa nafasi ya kupiga, isipokuwa kwa ruhusa chache kama ya kusogea mraba mmoja tu. Toleo la tano lilibadilisha. Sasa unaweza kumzunguka adui unavyotaka, mradi hutoki mkono wake unapofika. Binti yuko sahihi, na mjomba hadanganyi. Kumbukumbu yake ina umri wa zaidi ya miaka 20.

Ugomvi wa namna hii hauponi kwa kupandisha sauti. Unapona kwa swali moja ambalo lingeulizwa kabla ya mchezo kuanza: meza hii inatumia kitabu gani?

Maandishi, nia na furaha

Mwaka 2015, Jeremy Crawford, mmoja wa viongozi wa ubunifu wa toleo la tano, aliandika katika safu ileile ya Sage Advice kwamba sheria inaweza kusomwa kwa njia tatu. Kuna sheria kama ilivyoandikwa, kuna sheria kama ilivyokusudiwa, na kuna sheria kama inavyoleta furaha mezani. Wachezaji wengi hutumia vipimo hivyo hadi leo, na familia inaweza kuvitumia bila kusoma kitu kingine.

Kipimo cha kwanza, maandishi, ndicho cha kuanzia kwa sababu hakina mpendwa. Mtoto mdogo na mkubwa wanasoma mstari uleule. Ubaya wake ni kwamba anayejua kusoma vizuri anaweza kumkandamiza asiyejua. Dada wa miaka 14 ana nguvu hiyo juu ya mdogo wake, na wazazi wanapaswa kuiona mapema.

Kipimo cha pili, nia, kinauliza sheria iliwekwa kwa ajili gani. Pigo la fursa liliwekwa ili mtu asikimbie hovyo katikati ya mapigano. Ndiyo maana shujaa aliyesukumwa na jitu hadi nje ya mkono wa adui hapigwi. Hakukimbia yeye, amesukumwa. Hapo maandishi na nia vinakubaliana.

Kipimo cha tatu, furaha, hutumiwa vibaya zaidi. Furaha ya nani? Sheria ikilegezwa kila mtoto anapolia, mtoto mwingine anajifunza kwamba machozi ni kitendo cha nyongeza. Furaha inayokusudiwa ni ya meza nzima, na ya wiki ijayo pia.

Mtoto anapomsahihisha mkubwa

Kwa familia nyingi za Waswahili, ugumu mkubwa uko hapa kuliko kwenye sheria zenyewe. Mtoto amelelewa kutombishia mkubwa. Mchezo nao unampa kitabu kinachosema mkubwa amekosea. Akinyamaza, anaona uonevu. Akisema, anaonekana hana adabu.

Njia ipo, na familia nyingi zinazocheza huifikia zenyewe. Mkubwa ndiye anayeifungua kwa kusema mwanzoni, mbele ya wote, kwamba kumuuliza msimulizi kuhusu sheria si utovu wa adabu. Kuuliza si ujinga, na kwenye meza hii si ufedhuli pia. Kisha wanakubaliana namna ya kuuliza. “Mjomba, naomba tuangalie sheria” inatosha. “Unadanganya” haitakiwi, hata kwa utani.

Baada ya hapo, mambo machache huifanya meza itulie.

Kwanza, sema nia kabla ya kugusa dadu. Mchezaji aeleze anataka kufanya nini na kwa nini, msimulizi amwambie itamgharimu nini, ndipo arushe. Mtu asipigwe na sheria ambayo angeijua angebadili uamuzi.

Pili, ubishi usizidi dakika mbili. Ikiwa jibu halijapatikana, msimulizi anaamua, mchezo unaendelea, na kitabu kinafunguliwa baada ya kumaliza. Uamuzi wa usiku huo haurudishwi nyuma. Isipokuwa kama uhai wa mhusika unategemea jibu, hapo mchezo usimame na kitabu kifunguliwe papo hapo. Mtoto anaweza kuvumilia kukosa pigo. Kumpoteza mhusika wake kwa sababu mkubwa alikuwa na haraka ni jambo jingine.

Tatu, uamuzi ukishatolewa ni wa pande zote. Mashujaa wakiruhusiwa kutupa mchanga machoni, vibwengo nao wanaruhusiwa. Kipimo hiki hupunguza tamaa haraka kuliko mahubiri. Mtoto aliyebuni ujanja wa ajabu huulizwa, “Unataka na joka liwe nao?”

Nne, yaandikwe. Daftari la shilingi chache lenye maamuzi ya nyumba linazuia ugomvi uleule usirudi kila Jumamosi.

Dadu iliyodondoka

Watoto wengi wa leo wameuona mchezo huu kwa mara ya kwanza kwenye tamthilia ya Stranger Things ya Netflix, iliyoanza mwaka 2016. Inafunguka kwa wavulana wanne wakicheza chini ya nyumba mwaka 1983. Mmoja wao, Will, anarusha mpira wa moto na anahitaji 13 au zaidi. Dadu inadondoka sakafuni. Anapoiona, ni 7. Msimulizi, rafiki yake Mike, hajaiona, na mwenzao mmoja anaona kwamba kwa kuwa haikuonekana basi haihesabiki. Wakati wa kuagana, Will anarudi kumwambia Mike ukweli.

Mzazi akiwa na dakika tano tu za kuzungumza na mtoto kuhusu mchezo huu, sehemu hiyo inatosha. Sheria zote za vitendo vya pigano zinasimama juu ya mtu kusema namba aliyoiona. Anayeficha 7 yake hajamshinda kibwengo. Ameondoa sababu ya wengine kukaa naye mezani. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wazazi wenye wasiwasi

Wapo wazazi wanaosikia maneno uchawi na mazimwi wakakataa palepale. Hawako peke yao. Katika miaka ya 1980 huko Marekani, baadhi ya wazazi na makundi ya dini waliuogopa mchezo huu na kuufanyia kampeni wakidai unawapeleka vijana kwenye ushirikina na kujiua. Watafiti walioyachunguza madai ya vifo hawakupata ushahidi kwamba mchezo ndio uliovisababisha. Hata hivyo mzazi ana haki ya kuamua kinachoingia nyumbani kwake. Njia ya uhakika ni kukaa mezani jioni moja na kusikiliza. Hadithi inaweza pia kuchezwa bila mazingaombwe yoyote, kwa wapiganaji, wawindaji na wezi tu, na sheria za zamu zikabaki zilezile.

Gharama nayo si kikwazo. Kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa huru mwaka 2023, na yeyote anaweza kuzipakua na kuzichapa bila malipo. Dadu za pande nyingi zikikosekana, namba zilizoandikwa kwenye vikaratasi na kutikiswa ndani ya kopo zinafanya kazi ileile. Wachapishaji wenyewe walifanya hivyo mwaka 1979 dadu zilipoadimika: waliweka vipande vya karatasi ngumu vyenye namba ndani ya boksi.

Zamu ya mwisho

Mezani, mjomba amefungua kitabu chake cha mwaka 2014, kwa kuwa uhai wa mhusika uko mashakani. Anasoma ukurasa wa mapigano kimya, kisha anausoma kwa sauti.

“Kuzunguka, umenishinda. Hakupigi,” anamwambia binti. “Ya kwangu ilikuwa ya zamani. Dawa, kwa kitabu hiki, ni kitendo kizima. Leo tunamaliza nacho. Kuanzia Jumamosi ijayo dawa iwe kitendo cha nyongeza, kwetu na kwa vibwengo. Tuandike?”

“Na kwa vibwengo?” mtoto anauliza kwa mara ya kwanza baada ya dakika nyingi.

“Na kwa vibwengo.”

Binti anafikiri. Rungu au dawa, hawezi kupata vyote. Akimpiga kibwengo, huenda akamwua, lakini zamu inayofuata ni ya mdogo wake, na dadu moja mbaya itamaliza kila kitu. Anasogeza kifungo chake miraba miwili pembeni ya kizibo.

“Nampa dawa.”

Anarusha dadu mbili za pande nne na kuongeza 2, kama chupa ya dawa ya kawaida inavyotaka. Jumla ni 7. Mpiganaji anafumbua macho akiwa na pointi 7 za uhai. Amelala chini, upanga wake umemtoka mkononi.

Zamu ni ya mtoto. Hakuna anayemwelekeza. Anahesabu kwa vidole: kusimama ni nusu ya mwendo, kuokota upanga hakuna gharama, na kitendo chake bado kizima.

“Nasimama,” anasema. “Naokota upanga. Nasogea mpaka kwake. Nampiga.” Kisha anamtazama mjomba. “Ni sawa?”

“Ni sawa, mjomba. Rusha.”